Roboti ya Ndengu na Kiondo cha Mama Kalekye

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo ni siku kubwa. Historia imeandikwa hapa Kabati, ndani ya kibanda changu cha fotokopi, na shahidi pekee ni mashine yenyewe. Nimepata njia ya kumwoa Kalekye bila kutoa mbuzi hata mmoja!

Nieleze vizuri, ili wajukuu wakisoma haya wajue babu yao Mwangangi alikuwa mtu wa aina gani. Kalekye anashona sare za shule kwenye kibanda kinachotazamana na changu. Ananipenda. Alisema mwenyewe, tena akiwa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hatanii. Mama yake naye hana neno. Anachotaka ni nifike kwake na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani mwanamume hupeleka kuonyesha ana nia na msichana. Siku tuliyopewa ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Ikipita, mlango umefungwa.

Mama Kalekye ana jina lake halisi lakini siliandiki hapa. Kwetu mkwe hatajwi jina ovyo. Mimi ni mtu wa heshima.

Mbuzi ninao. Wanakaa kwa binamu yangu Kaloki, kule Kwa Vonza. Lakini mmoja ana mimba! Mwingine ana macho mazuri ajabu. Wa tatu anaijua sauti yangu, nikikohoa tu anageuka. Nani mwenye roho ya kutoa mbuzi kama hao?

Basi nitampa Mama Kalekye kitu kikubwa kuliko mbuzi. Akili yangu! Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima ndengu. Wamevuna vizuri, magunia yamejaa sebuleni kwake, na wanazozana wayapeleke soko gani: Kabati, Tulia au Kwa Vonza. Nitawaundia roboti ya kuchagua soko. Nimekuwa nikijifunza lugha ya skripti, yaani ya kuiandikia kompyuta maagizo, ile wanayoitumia watu wa kununua na kuuza dola kwenye chati. Kama inaweza kufuatilia dola, ndengu ni nini? Mama akiona soko limechaguliwa na kompyuta atasema mwenyewe, mwanangu, baki na mbuzi wako.

Mchana ameniletea maembe kwa mkono wa Kalekye, ndani ya kiondo chake mwenyewe cha mkonge chenye mstari mwekundu. Dalili njema. Nimekula mpaka shati limebadilika rangi.

Jumanne, 4 Februari

Skripti imekamilika! Nimefunga kibanda siku nzima. Watu wamegonga wakitaka kutoa nakala za vitambulisho. Nimejifanya sipo.

Hii lugha ni rahisi ukiwa na kichwa. Bei nyingi zikiwekwa pamoja chini ya jina moja zinaitwa safu. Mimi naziona kama viondo. Nina kiondo cha bei za Kabati, kingine cha Tulia, kingine cha Kwa Vonza. Halafu kuna funksheni. Funksheni ni kama jirani: unampa kiondo, anakifanyia kazi, anakirudisha. Ya kwangu nimeiita hivyo hivyo, jirani. Inapokea kiondo cha bei, inazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, inakirudisha. Skripti inapiga wastani. Soko lenye wastani wa juu ndilo mshindi.

Lakini nilipofika kwenye mstari wa kurudisha, vidole vilisita. Jirani anarudisha kiondo hivi hivi, na vitu vile vile alivyopewa? Bila kuweka chochote chake? Huyo ni jirani wa wapi? Kwetu kiondo kikija na maembe kinarudi na sukari, au mayai, au angalau viazi. Hata mtoto mdogo anajua. Nikaongeza mstari mmoja. Kabla ya kurudisha, jirani anatazama bei kubwa kuliko zote mle ndani, na anaweka nyingine kama hiyo juu. Zawadi! Kuweka bei ndogo ingekuwa aibu.

Skripti yenye adabu. Waliotunga lugha hii hawakulelewa vizuri, lakini nimewasaidia.

Tena kazi hii haifanywi mara moja tu. Vile vijiti vya kijani na vyekundu kwenye chati vinaitwa mishumaa, na kila mshumaa mpya ukichorwa, skripti inapita tena yote kutoka juu. Viondo vyangu nimeviagiza visisahau kitu. Kwa hivyo jirani anatembelewa mshumaa baada ya mshumaa. Ujirani mwema!

Bei nimezikusanya kwa simu. Nyingi za kawaida. Moja tu ya Tulia ni ya wazimu, na aliyeisababisha ni Njogu. Nimsemeje huyu mtu? Ni mnunuzi wa ndengu kutoka Emali, ana kanta, lori dogo la kijani. Siku moja kanta ilimharibikia Tulia, na alikuwa na haraka ya kujaza mzigo, akanunua kwa bei ambayo haijawahi kusikika. Kesho yake bei ikarudi chini kama kawaida. Lakini si hiyo inayoniudhi. Kila akipita Kabati anapiga honi mbele ya kibanda cha Kalekye. Honi ya nini? Kalekye anasema kuna tuta pale na mbuzi wengi barabarani. Kalekye ana moyo safi sana.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi! Nimewaonyesha akina mama roboti.

Kompyuta niliibeba ndani ya kiondo cha Mama Kalekye, maana begi langu zipu imekufa. Akakiona. Akauliza kinarudi nyumbani lini. Nikamwambia kwa sasa kiko kazini. Hakucheka, lakini ni mtu wa kucheka kwa ndani.

Nikafungua chati. Asi! Mstari wa Kabati ulipanda kidogo. Wa Kwa Vonza ulipanda kidogo. Wa Tulia ulipanda, ukapanda, ukatoka nje ya kioo! Ilibidi nipunguze picha ili tuuone umeenda wapi. Akina mama wakasogea karibu. Ndunge, mweka hazina wao, ambaye alizaliwa akiwa na mashaka, akauliza mbona dada yake aliuza Tulia juzi akarudi nyumbani akilia. Nikamweleza kwa upole kwamba kompyuta inaona mbali kuliko dada yake.

Wakakubaliana kupeleka Tulia, Jumamosi.

Nikiwa naondoka Mama Kalekye akauliza, na mbuzi? Nikasema tuanze na ndengu, Mama. Akaniangalia kwa muda mrefu. Heshima imeanza kuingia, niliiona machoni pake.

Kalekye alinisindikiza mpaka kwa lango. Akaniomba nilete tu mbuzi, yaishe, akasema mambo ya roboti yanamtia wasiwasi. Nikamwambia asijali. Nampenda mpaka nasahau kula, lakini yeye mambo ya biashara hayaelewi.

Jumamosi, 8 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulia. Tumefika asubuhi na pikapu ya kukodi, magunia juu, akina mama juu ya magunia, mimi mbele karibu na dereva kama mgeni wa heshima. Soko limejaa ndengu. Ndengu kwenye turubai, ndengu kwenye mabeseni, ndengu kila mahali. Wanunuzi hakuna! Watu wa Tulia wenyewe walikuwa wakipakia zao kuzipeleka Kabati. Mzee mmoja akatuuliza kama tumepotea.

Bei niliyotajiwa siiandiki. Ni ya matusi.

Nikafungua kompyuta haraka. Labda roboti ilikuwa imebadilisha mawazo usiku bila kuniambia. Wapi! Ilikuwa bado inasema Tulia, tena juu zaidi, kijani tupu! Nikawaeleza akina mama kwamba roboti iko sawa, ni soko ndilo limekosea. Mama Kalekye alikaa juu ya gunia, akafungua mwavuli. Ndunge alisema maneno ya wote wawili.

Halafu nikasikia honi.

Njogu! Kanta yake ya kijani, na yeye ndani, anatabasamu kama mwizi. Akashuka, akasalimia akina mama kwa adabu iliyozidi, akaangalia ndengu, akanunua zote. Si kwa ile bei ya wazimu, lakini kwa bei isiyomliza mtu. Akina mama wakampigia makofi. Makofi! Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika kompyuta.

Na alikuwa na mwanamke. Shiko. Mkewe! Kumbe Njogu alioa miaka mingi iliyopita, bila shaka ili mimi nisimshuku. Ujanja wa hali ya juu.

Shiko ndiye anayetunza bei za biashara yao kwenye kompyuta. Akaomba kuona roboti. Nikampa, nikijua atatoka pale amejifunza kitu. Akasoma. Akafika kwenye mstari wa zawadi. Akauliza, huu wa nini? Nikamweleza habari ya kiondo. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mlango wa kanta.

Alipopata pumzi akaniambia hivi. Ukiipa funksheni safu, huipi nakala yake. Unaipa ile ile. Jirani akiweka zawadi, anaiweka ndani ya kiondo changu mwenyewe, na inabaki humo. Anachorudisha si kiondo kingine, ni kile kile chenye jina la pili. Na kwa kuwa viondo vyangu havisahau, kila mshumaa kiondo cha Tulia kilipata bei nyingine ya wazimu juu ya zile za jana. Masoko mengine zawadi zao zilikuwa za kawaida, kwa hivyo hazikuleta kelele. Lakini Tulia ilikuwa imefurika ile siku moja ya Njogu.

Yaani roboti yangu imejaa Njogu! Kanta yake iliharibika mara moja. Mimi nikaiharibu mamia ya mara.

Shiko akasema nitoe mstari wa zawadi. Na siku nyingine nikitaka jirani afanye kazi bila kugusa mali yangu, nitoe nakala kwanza, nimpe nakala, ya asili ibaki nyumbani. Halafu akauliza kazi yangu ni gani.

Nikasema fotokopi.

Ilibidi Njogu amshike mkono apande kanta.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Mama Kalekye akasimama mbele ya kila mtu, akamshukuru Mungu kwa kutuma kanta. Akasema kuna watu hutumwa na Mungu, na kuna watu hujituma wenyewe. Mchungaji Mulei akasema amina. Kanisa zima likasema amina. Nami nikasema, ili nisionekane.

Baada ya ibada Kalekye alinivuta kando ya choo cha kanisa. Akaniambia mama hajafunga mlango. Nirudishe kiondo, nifike Jumamosi na mbuzi, basi. Hakuna kingine.

Rahisi hivyo? Nimetafakari mchana wote. Kitu rahisi hivyo lazima kina mtego.

Halafu maneno ya Shiko yakanirudia. Nakala! Toa nakala, ya asili ibaki nyumbani! Mradi kiondo cha Mama Kalekye kiko kwangu, nina sababu ya kuingia boma lile wakati wowote. Nikikirudisha, nina nini? Lakini nikirudisha nakala, adabu imetimia na ya asili bado ninayo. Shiko hajui amemsaidia nani.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata nakala! Hapa hapa Kabati, kwa mama anayeuza mikeka. Mkonge ule ule, ukubwa ule ule. Mstari wake ulikuwa wa rangi ya chungwa, hilo nalo si tatizo kwa mtu wa taaluma yangu. Wino mwekundu wa printa. Nimepaka kwa brashi ya kiatu. Ukiviweka pamoja na ukakunja macho, huwezi kujua kipi ni kipi.

Nimekijaza sukari, mkate, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Kiondo kinarudi kwa fahari! Nimempa Kalekye apeleke jioni. Alikuwa na wateja, hakukiangalia sana. Akatabasamu. Akasema, umeona, si vigumu.

Cha asili nimekificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Leo najiona mwanaskripti kamili.

Jumatano, 12 Februari

Kiondo kimerudi. KITUPU.

Hakuna hata kitunguu. Kalekye alikiweka mezani kwangu, akiwa ameshika mkasi wa kukatia vitambaa, nami nikarudi hatua moja nyuma.

Mama alijua kabla hajakigusa. Kiondo chake kilisukwa na mama yake mzazi, cha mwisho kabla macho yake hayajapofuka. Kwenye ule mstari mwekundu kuna mahali panaruka. Bibi alikosea pale na akakataa kufumua. Mama Kalekye akikibeba hupapasa pale kwa kidole gumba. Jana akapapasa, hakuna. Akapata kidole chekundu. Halafu akafungua sukari, ikawa ya waridi. Mkate nao.

Mama akauliza, huyu akioa ataleta nakala ya bwana, yeye abaki Kabati?

Halafu Kalekye akalia. Hapa siandiki utani. Alilia akiwa amesimama, bila sauti, machozi yakiangukia kaunta yangu. Nimejiona mjinga kabisa. Akasema yeye hakutaka roboti, hakutaka sukari. Alitaka mtu anayefanya kile alichosema. Akasema Jumamosi ikipita bila mbuzi, nisimtazame tena kupitia dirisha lile.

Nimefunga kibanda mapema. Sikula.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeenda mwenyewe! Kiondo cha asili mkononi, mayai ndani, kila yai limefungwa kwa gazeti.

Mama Kalekye alikipokea kwa mikono miwili. Hakuangalia mayai. Alipapasa mstari mpaka kidole kikafika pale panaporuka, kikatulia. Halafu akaniambia nikae, akaleta chai.

Akasema alikuwa akiuza ndengu kabla sijazaliwa. Tulia walienda kwa sababu alitaka kuona nitafanya nini mambo yakiharibika, na ameona, nilifungua kompyuta. Akasema hataki roboti. Anataka kujua kama mtu anaweza kuleta kitu alichosema ataleta. Mbuzi watatu, Jumamosi, watembee kwa miguu yao wenyewe. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema bila maneno mengi. Nikasema ndiyo, Mama, tena kwa kifupi.

Nilipoinuka akatoa mayai, akajaza ndengu ndani ya kile kile kiondo, akanipa! Kiondo cha mama yake! Akasema nikirudishe Jumamosi. Niliposhika njia nililia kidogo, nikamwambia mtoto aliyenipita ni vumbi.

Nimempitia Kalekye nikamwambia kila kitu. Akacheka, akalia, akacheka tena. Akanishonea kifungo cha shati nikiwa nimelivaa. Mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kaunti nzima ya Kitui, na ukitaka ongeza Makueni!

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao! Kila kitu kiko tayari kwa kesho.

Asubuhi nimerekebisha skripti. Zawadi sikuitoa, kuna mambo mtu hawezi. Sasa jirani anaweka bei ndogo kuliko zote, ili pasiwe na wivu. Kwa mujibu wa roboti ndengu karibu zitatolewa bure. Nitaangalia baadaye.

Halafu nikaenda Kwa Vonza kwa Kaloki kuchukua mbuzi. Kamba tatu mkononi. Nia safi kabisa.

Wakaniona. Yule wa macho akanitazama. Nikakohoa kidogo tu, wa sauti akageuka. Yule wa mimba amekaribia kabisa, anaweza kuzaa mapacha! Nimesimama pale na kamba zangu mpaka Kaloki akauliza kama naumwa.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Maneno ya Shiko! Wiki nzima nimeyaelewa nusu. Nilishikilia habari ya nakala, kumbe siri ilikuwa kwenye ile sehemu ya kwanza. Ukiipa funksheni safu, hakuna kitu kinachobebwa! Safu inabaki pale pale ilipo. Unachopeleka ni jina lake tu, na aliye na jina ana kitu chenyewe. Si nakala. Ni ile ile ya asili! Mama Kalekye hataki nakala, na hatapewa nakala. Kompyuta zote duniani zinafanya hivi na hakuna anayelalamika.

Mbuzi watabaki kwa Kaloki. Kesho nitapeleka majina.

Mama alisema watembee kwa miguu yao wenyewe. Si wanatembea? Nimewaacha wakitembea.

Kaloki amesema maneno ambayo siyaandiki siku ya wapendanao. Yeye hajasoma skripti.

Nimerudi Kabati mbio nikachapisha karatasi nzuri nzito, ya rangi, yenye maua pembeni. Itaingia kwenye kiondo cha asili, juu ya pakiti ya sukari nyeupe kabisa. Nani atasema kimerudi kitupu? Shida ilikuwa moja tu, mbuzi hawakuwa na majina. Nimewapa. Yule wa macho ni Taa. Yule wa sauti ni Redio. Na yule wa mimba, ambaye ndiye bora kuliko wote, nimempa jina la mkwe wangu mwenyewe, kwa heshima kubwa, na nimelichapa juu kabisa kwa herufi nyekundu ili alione kabla hajaketi.

SYOKAU.

Atafurahi sana.